Mwalimu Nyerere: saratani ya damu tunaikumbuka, kiharusi tumekisahau

Kila ifikapo Oktoba 14 nchi nzima hupumzika kumkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Ofisi na shule hufungwa, na redio, yetu ikiwamo, hurusha hotuba zake tangu asubuhi. Muulize mtu yeyote pale Mbalizi, Tukuyu, Mafinga au Ilula kwamba Mwalimu alikufa kwa ugonjwa gani, atakujibu bila kusita: saratani ya damu. Jibu ni sahihi, lakini limebakiza kitu. Mwanzoni mwa Oktoba 1999, akiwa tayari amelazwa hospitalini London kwa ajili ya saratani hiyo, Mwalimu alipata kiharusi kikubwa. Hakuinuka tena.

Katika makala hii tunasimulia maisha yake kwa ufupi, na tunasimama kidogo hapo kwenye kiharusi. Tunafanya hivyo kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wanaishi na ugonjwa wa muda mrefu ndani ya damu au ndani ya mishipa ya damu, na wengi hawajui kwamba ugonjwa wa namna hiyo unaweza kufungua mlango wa kiharusi.

Mtoto wa Butiama

Kambarage alizaliwa Aprili 13, 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Ziwa Victoria. Baba yake alikuwa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mama yake Mgaya wa Nyang'ombe, mmoja wa wake wengi wa chifu. Siku aliyozaliwa mvua ilinyesha, akapewa jina la mzimu wa mvua. Utoto wake ulikuwa kama wa watoto wengine wa kijijini: kuchunga, kulima, kucheza bao.

Alianza shule mwaka 1934 akiwa na miaka 12, katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita kama 40 kutoka nyumbani. Mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali Tabora. Mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na Desemba mwaka huo akabatizwa kuwa Mkatoliki na kuchukua jina la Julius. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Baada ya Makerere alifundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 akapata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi na shahada mwaka 1952. Januari 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel, binti tunayemfahamu wote kama Mama Maria, na akaanza kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Jina la Mwalimu linatokana na kazi hiyo ya chaki na ubao, na lilimkaa mpaka kaburini.

Kutoka ubaoni hadi Ikulu

Mwaka 1953 alichaguliwa kuongoza chama cha TAA. Julai 7, 1954 chama hicho kikageuzwa kuwa TANU. Machi 1955 Mwalimu alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akidai nchi iandaliwe kujitawala. Aliporudi ilimbidi achague kati ya kufundisha na siasa, akaacha kazi.

Miaka iliyofuata alizunguka nchi nzima, mara nyingi kwa gari moja bovu na barabara za vumbi. Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961 akiwa Waziri Mkuu. Wiki chache baadaye, Januari 1962, alijiuzulu akamwachia Rashidi Kawawa kiti hicho ili yeye akajenge chama vijijini. Desemba 1962 akarudi kama Rais wa Jamhuri. Aprili 26, 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna kumbukumbu zetu za pekee juu yake. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970, inapita Makambako na Mbeya kuelekea Tunduma na Zambia. Pia tuna kumbukumbu chungu. Siku ya Krismasi mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa kule Ismani na mkulima aliyepinga siasa ya vijiji vya ujamaa. Wazee wetu wengi wanakumbuka pia jinsi walivyohamishwa kwenye mashamba yao ya asili wakati wa Operesheni Vijiji. Mwalimu alipendwa sana huku kwetu, na yapo pia aliyolaumiwa kwayo.

Zahanati ya kijiji na redio ya kijiji

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Pamoja na mambo mengine, lilisukuma fedha za nchi zielekee vijijini, ambako watu wengi waliishi. Katika afya, maana yake ilikuwa zahanati na vituo vya afya badala ya hospitali kubwa za mjini peke yake. Huduma zilitolewa bure. Mwaka 1977 hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku, na zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Hospitali za misheni, kama Ilembula na Ikonda upande wa Njombe, ziliendelea na kazi.

Kuna kazi moja ya wakati huo ambayo sisi watu wa redio tunaiona kama urithi wetu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na Radio Tanzania Dar es Salaam walitayarisha vipindi vya wiki 12. Wanakijiji walikusanyika kwenye vikundi kuzunguka redio moja, wakasikiliza, mmoja akawasomea kitabu kidogo, kisha wakajadili na kuamua watakachofanya. Watu takribani milioni 2 walishiriki. Walijifunza juu ya malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka.

Maradhi hayo yote yalikuwa ya kuambukiza. Ndiyo yaliyoua watu wakati huo, na ndiyo yaliyokuwa rahisi kueleza kwenye kikundi: mbu huyu, maji haya, choo hiki. Kiharusi hakikuwemo. Lakini leo hakuna kata isiyo na mzee, au hata kijana, aliyepooza upande mmoja. Watafiti walipohesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kati ya mwaka 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, walikuta karibu watu 109 katika kila watu 100,000 kwa mwaka upande wa Hai, na karibu 316 upande wa Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Idadi ya Dar es Salaam ilizidi zile zinazopatikana katika nchi nyingi tajiri.

Mwaka mmoja na ugonjwa

Mwalimu aliacha urais Novemba 1985, akabaki Mwenyekiti wa CCM hadi 1990. Aliongoza pia Tume ya Kusini, iliyozungumzia shida za nchi maskini duniani. Kisha akarudi Butiama kulima. Hakupumzika sana. Kuanzia mwaka 1996 alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na vikao vilifanyika Arusha, vikao virefu vya kuchosha hata kijana.

Agosti 1998 aligundulika ana saratani ya damu. Aina yake ni ile inayoshambulia chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, na ambayo kwa wazee wengi huenda polepole. Daktari wake binafsi alikuwa Profesa David Mwakyusa, mtu wa huku kwetu Rungwe, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Rungwe Magharibi na Waziri wa Afya.

Kwa mwaka mzima Mwalimu aliendelea na kazi. Alikwenda Arusha, akapokea wageni, akazungumza na viongozi, na shambani akaonekana. Wananchi wengi hawakujua kwamba anaumwa. Hapa kuna jambo linalowahusu wagonjwa wengi tunaokutana nao: ugonjwa wa muda mrefu unaweza kukaa ndani ya mwili wa mtu anayetembea, anayecheka na anayelima, na majirani wakamwona mzima kabisa.

Septemba 1999 alikuwa London na akalazwa katika Hospitali ya St Thomas'. Ndipo taifa lilipoanza kusikia habari za ugonjwa wake. Misikitini na makanisani watu walimwombea. Mwanzoni mwa Oktoba zikaja habari nzito zaidi: amepata kiharusi kikubwa, na amehamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Kwa nini kiharusi humfuata mgonjwa

Kiharusi ni ajali ya ubongo. Ubongo unaishi kwa damu inayoletwa na mishipa, kama bustani ya nyanya inavyoishi kwa maji ya mfereji. Ajali hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni mshipa kuziba, damu isipite, na sehemu ya ubongo iliyokuwa inalishwa na mshipa huo ianze kufa. Ya pili ni mshipa kupasuka, damu ikamwagika ndani ya kichwa.

Sababu kubwa kuliko zote ni presha. Zinafuata kisukari, sigara, pombe nyingi, mafuta mengi kwenye damu na ugonjwa wa moyo. Hayo tumeyasema sana kwenye vipindi vyetu. Lakini lipo kundi jingine, la watu ambao damu yao yenyewe, au kuta za mishipa yao, zina ugonjwa.

Mwenye saratani ya damu yumo kwenye kundi hilo. Saratani hiyo na dawa zake zinaweza kupunguza zile chembe zinazogandisha damu mtu anapojikata. Zikipungua sana, damu inaweza kuvuja hata ndani ya kichwa. Kwa wengine hutokea kinyume: damu inaganda mahali pasipotakiwa na kuziba mshipa. Ongeza umri mkubwa na maambukizi yanayomwandama mtu ambaye kinga yake imedhoofika, utaona kwamba mgonjwa wa namna hiyo anatembea ukingoni.

Mishipa inapovimba kwa ndani

Ndugu yake wa karibu ni ugonjwa wa mishipa ya damu kuvimba. Hatuzungumzii mishipa ya miguuni inayotokeza kwa mtu aliyesimama sana. Tunazungumzia kuta za mishipa kuwaka kwa ndani kwa sababu kinga ya mwili imeshindwa kumtambua rafiki na adui, ikaushambulia mwili wenyewe. Ukuta ukivimba, njia ya damu inakuwa nyembamba. Mahali palipochubuka damu hunata na kuganda. Na ukuta uliokonda kwa kushambuliwa unaweza kutanuka kama mpira uliochoka, kisha ukapasuka. Njia zote mbili za kiharusi, kuziba na kupasuka, zinakuwa wazi.

Aina moja inaitwa Takayasu, kwa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani aliyeandika mwaka 1908 juu ya mwanamke kijana mwenye mishipa ya ajabu ndani ya macho. Huwapata zaidi wanawake wenye umri chini ya miaka 40. Hushambulia mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo na matawi yake, yakiwemo yanayopeleka damu kichwani na mikononi. Mgonjwa huchoka, hukonda, hupata homa zisizoeleweka, na mkono wake huuma na kuishiwa nguvu anapofua, anapotwanga au anapoanika nguo. Baada ya muda mapigo kwenye kiwiko cha mkono yanaweza yasisikike kabisa.

Hapo kuna mtego ambao kila anayepima presha kijijini anapaswa kuujua. Kama mshipa wa mkono mmoja umebana, kipimo kwenye mkono huo kitaonyesha presha ya chini, wakati presha ya kweli inayogonga ubongo iko juu. Mtu ataambiwa yuko salama, naye hayuko. Kwa hiyo mwanamke kijana mwenye dalili hizo apimwe mikono yote miwili, na tofauti kubwa kati ya mikono ni sababu ya kupewa rufaa.

Aina nyingine huwapata watu waliovuka miaka 50. Dalili zake ni maumivu mapya ya kichwa upande wa panja, ngozi ya kichwa kuuma wakati wa kuchana nywele, taya kuchoka wakati wa kutafuna, na macho kuona giza ghafla. Giza hilo la ghafla ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu jicho likishapofuka kwa njia hii mara nyingi halirudi. Pia kuna lupasi, ugonjwa wa kinga unaoshika viungo, ngozi na figo, na ambao nao unaweza kuwasha mishipa au kufanya damu igande ovyo.

Kwa wagonjwa hawa hatari ya kiharusi huwa kubwa zaidi wakati ugonjwa umechachamaa, mara nyingi hapo mwanzoni kabla dawa hazijautuliza. Dawa inayotumika sana ni prednisoloni na nyingine za kutuliza kinga. Dawa hizo haziachwi ghafla kwa kuwa mtu amejisikia vizuri. Nazo zina gharama yake mwilini, maana zinaweza kupandisha presha na sukari, kwa hiyo anayezitumia apimwe vyote viwili kila anapokwenda kliniki.

Kwetu huku mlango mkubwa ni mwingine

Magonjwa hayo ya kinga si mengi, na huku kwetu mara nyingi hayatambuliwi. Lakini mishipa huvimba pia kwa sababu ya vijidudu. Kifua kikuu kikiingia kwenye utando wa ubongo huchoma mishipa iliyo chini yake, na mgonjwa anaweza kupooza. Kaswende iliyokaa miaka bila kutibiwa hufanya hivyohivyo, ingawa kipimo chake ni rahisi na dawa yake ni sindano ya penisilini. Virusi vya mkanda wa jeshi navyo vinaweza kufuata mishipa hadi kichwani.

Na Virusi vya UKIMWI huharibu kuta za mishipa, pamoja na kuwafungulia njia hao wengine wote. Hili linatuhusu kuliko mikoa mingine yote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima nchini asilimia 4.4 wanaishi na VVU. Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Ndizo tatu za juu.

Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, walichunguza wagonjwa wa kiharusi mjini Blantyre. Waliona kwamba VVU ambavyo havijatibiwa vinaongeza hatari ya kiharusi, na kwamba miezi 6 ya mwanzo ya dawa ni kipindi cha kuangaliwa kwa karibu, hasa kwa aliyeanza akiwa kinga imeshashuka sana. Somo lake liko wazi: anza dawa mapema, kabla mwili haujadhoofika. Anayetumia dawa zake kila siku, virusi vikafubaa, anailinda pia mishipa yake. Kwa hiyo kijana wa miaka 30 akipooza upande mmoja, asionewe mashaka ya kurogwa. Apimwe presha, sukari, VVU, kaswende na kifua kikuu.

Uonapo dalili

Kiharusi huja ghafla. Uso hupinda upande mmoja. Mkono au mguu mmoja hulegea au kufa ganzi. Maneno hukorogeka, au mtu haelewi anachoambiwa. Wengine huona giza, hupepesuka, au hupata maumivu makali ya kichwa ambayo hawajawahi kuyapata. Mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja. Kikishindikana kimoja tu, safari ianze.

Angalia saa na uikumbuke, kwa sababu daktari atauliza dalili zilianza lini, na baadhi ya dawa za kuzibua mshipa zina muda wa saa chache tu. Mlaze kwa ubavu kama anatapika au amepoteza fahamu. Usimpe chakula, maji wala dawa mdomoni, maana anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini nyumbani, kwa sababu mpaka kichwa kipigwe picha hakuna anayejua kama mshipa umeziba au unavuja. Usimchanje wala kumkanda kwanza kwa matumaini kwamba atanyooka. Beba dawa zake zote na kadi ya kliniki.

Zahanati ni mahali pa kuanzia na kupewa rufaa haraka, lakini picha ya kichwa hupigwa hospitali kubwa. Kwa hiyo familia yenye mgonjwa wa muda mrefu ipange mapema: gari la nani litakodiwa usiku kutoka kijijini, namba ya dereva ni ipi, na nani atabaki na watoto.

Dalili zikija na kuondoka zenyewe baada ya dakika chache, usishangilie ukarudi shambani. Hilo ni onyo kwamba kikubwa kinaweza kuwa njiani. Nenda siku hiyohiyo.

Na wewe unayehudhuria kliniki kwa ugonjwa wowote tuliotaja, muulize mhudumu swali hili la wazi: je, ugonjwa wangu unaweza kuniletea kiharusi, na nifanye nini nisifike huko? Una haki ya kujibiwa.

Oktoba 14, 1999

Turudi London. Mwalimu alikaa chumba cha mahututi kwa siku kadhaa. Mama Maria na watoto wao kadhaa walikuwa kando ya kitanda chake. Alifariki asubuhi ya Alhamisi, Oktoba 14, 1999, akiwa na miaka 77. Rais Benjamin Mkapa alilitangazia taifa msiba huo. Vijijini kwetu habari ilifika kwa redio, na wapo waliokuwa shambani walioitwa warudi nyumbani wasikilize wenyewe, kwa sababu hawakuamini walioambiwa.

Mwili wake ulirejeshwa nyumbani, watu wa Dar es Salaam wakajipanga barabarani, na viongozi wa nchi nyingi wakaja kumuaga. Oktoba 23 alizikwa Butiama, kijiji alichozaliwa. Kazi ya Burundi aliichukua Nelson Mandela, na mkataba ukasainiwa Arusha Agosti 2000.

Mwalimu alikuwa na madaktari, alijua ana ugonjwa gani, na alilazwa katika hospitali kubwa wakati kiharusi kinamkuta. Hata hivyo kilimshinda. Mgonjwa wa Makete au Chunya hana hayo yote, na ndiyo maana kwake kinga ina uzito mkubwa zaidi. Lakini vitu ambavyo kinga hiyo inahitaji vipo karibu: kipimo cha presha, kipimo cha sukari, kipimo cha VVU na cha kaswende, na dawa zinazomezwa kila siku bila kuruka. Vingi kati ya hivyo hupatikana katika zahanati na vituo vya afya, vile ambavyo Mwalimu alitaka viwafikie watu wa vijijini.

Wiki hii, kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu, mpeleke akapimwe presha. Mwambie mhudumu apime mikono yote miwili.